Wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo tukutane hapa: ukichoka nani anakushikia mtoto?

Mama Kidedea (mwanzisha uzi):
Habari za jioni wanajamvi. Naandika huku mtoto amenilalia mapajani kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mjue ni kidole gumba kimoja kinafanya kazi.

Nina mtoto wa kiume anakaribia miaka saba, ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia wakati anazaliwa, akawekwa kwenye oksijeni, baadae degedege zikaanza. Hakai mwenyewe, haongei, ila anacheka sana na mlio wa pikipiki ya mjomba wake anaujua kabla sisi hatujausikia. Nampenda, hilo msinifundishe. Nilichokuja kuuliza ni kimoja tu, ukichoka nani anakushikia? Maana mimi kila nikisema nimechoka naambiwa pole mama, Mungu hampi mtu mzigo asiouweza, wewe ni shujaa. Sasa huo ushujaa haunisaidii kumpandisha mtoto wa kilo 19 kwenye daladala saa kumi na mbili asubuhi na konda anapiga kelele mama fanya haraka.

Baba yake yuko mkoa mwingine na familia nyingine. Mama mkwe alishasema kwao vitu hivi havipo. Dada wa kazi wakija, siku wakiona degedege la usiku asubuhi begi liko mlangoni, na siwalaumu. Mama yangu mzazi ana presha. Juzi nilijifungia bafuni nikafungulia maji yamwagike tu ili nisisikie kilio, nikakaa humo. Sijaja kuhurumiwa jamani, nataka kujua nyie mnafanyaje.

Ndizi Bukoba:
Pole sana dada. Nasubiri waje wenye uzoefu, nimeweka kigoda.

Mtumishi wa Saa Tisa:
Dada yangu hiyo ni madhabahu ya ukoo wa mwanaume inafanya kazi, hospitali wanatibu matokeo chanzo wanakiacha. Kuna mtumishi yuko Kimara njoo inboksi nikuelekeze, sadaka ni ya hiari.

Kipara Ngoto:
Imeanza. Sadaka ya hiari halafu mtu anaambiwa aache dawa za degedege kuonesha imani. Mkuu toka kwenye uzi wa watu.

Nesi wa Zamu:
Kwa wanaosoma na bado wanahangaika na mambo ya ukoo niseme haraka halafu tuendelee na swali la mama. Mtindio wa ubongo ni ubongo wa mtoto kupata hitilafu wakati unakua, tumboni, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo. Huku kwetu visa vingi tunavyoviona ni mtoto kukosa hewa uchungu ukiwa mrefu, kuzaliwa njiti, manjano makali ya kichanga yaliyocheleweshwa nyumbani mtu anaanikwa juani wiki nzima, homa ya uti wa mgongo na malaria kali. Ukoo wa mtu haujafanya chochote hapo. Na dawa za degedege, iwe fenobabitoni au nyingine, haikatishwi ghafla hata mtoto akikaa miezi bila kupata, ukikata ghafla zinaweza kurudi kwa fujo mpaka mnampoteza. Inapunguzwa na daktari taratibu.

Mama Kidedea, nakuuliza wazi na ujibu ukitaka, hapa au inboksi. Hayo mawazo ya bafuni yanaishia kwenye kelele tu, au yanafika mahali unafikiria kujimaliza wewe au nyote wawili?

Mama Kidedea:
Nesi ahsante kuniuliza, hakuna mtu aliwahi kuniuliza hivyo. Hayajafika huko. Kuna siku nawaza tu ningepanda basi niende mahali hawanijui nikae wiki. Halafu nawaza dawa ya saa mbili nani atampa.

Nesi wa Zamu:
Sawa mama. Sasa uwe unajichunguza, yakianza kufika huko, au ukiona mtoto amelala na wewe usingizi hauji, chakula hakipiti, huoni maana ya kuoga wala kuchana nywele kwa wiki mbili mfululizo, hiyo imetoka kwenye uchovu imekuwa sonona na ina matibabu. Hospitali ya wilaya au ya mkoa ulizia kliniki ya afya ya akili. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya vichaa ya Mirembe na mtu anaokota makopo, wapi. Utamkuta mwalimu amekaa pale, utamkuta polisi, unaongea na mtu unarudi nyumbani kupika.

Bajaji Nyeusi:
Mimi ni baba, naendesha bajaji, nina binti wa miaka tisa mwenye hali hiyohiyo. Nilibaki. Sisemi ili nipigiwe makofi maana hilo nalo linanikera, mwanamke akimlea miaka tisa ni kawaida, mimi nikimbeba mara moja kliniki mtaa mzima unanitangaza baba bora. Na hukohuko kliniki swali la kwanza ni mama yake yuko wapi, utadhani nimemuiba.

Nieleze upande wetu kidogo, siyo kutetea wanaokimbia. Mwanaume anaambiwa habari ya mtoto wake koridoni kwa dakika mbili, mama ndo amekaa na fizio, yule wa mazoezi ya viungo, na daktari na kina mama wenzake miezi yote anajua kila kitu, baba yeye anajua kutoa hela. Siku hela imeisha anajiona hana kazi pale ndani. Kijiweni huwezi kusema mwanangu wa miaka tisa leo kajisaidia nimemsafisha, watakucheka au watanyamaza, na kunyamaza ni kubaya zaidi. Mimi kilichonibakisha ni mke wangu alinipa kazi, siyo ya hela, kazi ya mikono. Usiku kuanzia saa sita ni zamu yangu, degedege likija ni langu, kugeuza ubavu ni kwangu. Yeye analala chumba kingine na mlango umefungwa. Miezi ya mwanzo alikuwa anakuja kuchungulia, nikamwambia ukija tena narudi kuwa mgeni humu ndani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama Kidedea ni kwamba mtu wa kushika anatengenezwa, anafundishwa kulisha, anafundishwa kubeba, anaachiwa akosee vitu vidogo.

Mama Kidedea:
Bajaji Nyeusi hapo kwenye kuachiwa akosee umenigusa pabaya. Mdogo wangu alitaka kumlisha nikamnyang'anya bakuli. Lakini aliwahi kupaliwa vibaya tukalala wodini na nimonia, naogopa.

Fizio wa Uswazi:
Hofu yako ina msingi ila kulisha kunafundishika, mdogo wako ataweza. Mtoto akae, asilale chali kabisa. Kichwa kije mbele kidogo kidevu kikielekea kifuani, watu wengi wanakivuta kichwa nyuma ili chakula kitelemke chenyewe, hapo ndo kinapoingia kwenye njia ya hewa. Kijiko kidogo, uji mzito kuliko mwepesi maana maji matupu yanakimbia, subiri ameze ndo uongeze. Akimaliza asilazwe hapohapo, akae kama nusu saa. Mdogo wako akae mbele yake kwa usawa wa macho siyo kusimama juu yake. Mwache alishe wewe ukiwepo chumbani mpaka uzoee, halafu uwe jikoni, halafu uende dukani.

Na mgongo wako mama. Kilo 19 leo, kesho ni 25. Kabla ya kumnyanyua mgeuze kwanza ubavu, mkunje magoti na nyonga, akikunjwa ule mkakamao unalegea anakuwa mwepesi kubebeka. Wewe piga magoti, usiiname kiuno, mlete karibu na kifua ndo usimame. Kina mama ninaowaona wengi wanaumwa migongo kuliko watoto wenyewe na hakuna anayewaandikia kadi.

Kingine mtengenezeeni kiti cha kona, kile chenye egemeo la pembe linalomshika mgongo na pande zote mbili. Anayeweza kukaa kwenye kiti muda fulani ni mtoto ambaye hauko naye mgongoni muda huo. Siyo lazima kile cha kununua, vipo vya mbao anapiga seremala wa mtaani ukimpa vipimo, na vipo vya maboksi na makaratasi yanayogandishwa na uji wa unga tabaka kwa tabaka, vikikauka vinakuwa vigumu kabisa na ni vyepesi. Muulize mtu wa mazoezi anakohudhuria mwanao, achukue vipimo yeye maana kiti kibaya kinapinda uti wa mgongo.

Bint Likoni:
Salamu kutoka Mombasa. Nami nina msichana wa miaka kumi na moja. Huku kwetu kuna ile pesa ya serikali ya Inua Jamii, mlezi wa mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 ya Kenya kwa mwezi, lakini kwanza mtoto afanyiwe asesimenti hospitali ya serikali, apate kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Sikatai pesa, lakini huyu wangu ni mkubwa sasa, pampasi zake ni za watu wazima na hiyo elfu mbili haimalizi mwezi.

Nililotaka kusema ni la msikiti. Jirani yangu aliniona siendi darsa tena akauliza kulikoni, nikamwambia mtoto hupiga makelele nikaona haya. Akasema wewe nenda mimi nitakaa naye Alhamisi. Basi. Yeye si daktari si nani, ni mama muuza mahamri. Mpaka leo Alhamisi ni yangu. Mimi kwa uzoefu wangu watu hawajui wasaidie nini, ukiwaambia nisaidieni hunyamaza, ukimwambia Alhamisi alasiri hadi magharibi akiweza hukubali na asipoweza husema.

Kipara Ngoto:
Hii ya kutaja siku na saa ni ya maana sana aisee.

Ughaibuni Leeds:
Nipo Uingereza, kijana wangu ana usonji. Huku mtoto ana posho ya serikali ya ulemavu, mlezi naye akitimiza masharti ana posho yake, na halmashauri unaweza kuomba masaa ya mapumziko mtu akae na mtoto. Unaandika fomu mpaka unasahau jina lako lakini vipo. Ila wa kugonga mlango akasema lete huyo mtoto uoge sina. Miaka yote hii jirani wa kulia simjui jina. Nawaambia ili mjue hapa hela ipo na bado nimewahi kukaa ndani ya gari nje ya nyumba yangu sitaki kuingia.

Zamu za Mbagala:
Nimeusoma uzi wote ndo nimejisajili leo ili nijibu. Sisi kina mama tulikuwa tunakutana kwenye benchi la kusubiria mazoezi, kila mmoja na mtoto wake na kanga yake, tunasalimiana miaka. Mmoja wetu akauliza hivi kwa nini wote tunakaa hapa, wawili wasibaki na watoto wengine tukanywe chai. Tukaanzia hapo. Sasa tuna chumba tumepewa na serikali ya mtaa Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana. Wawili wanabaki na watoto wasiozidi wanne, wengine wanaondoka.

Tuna sheria moja tumeipigania sana, mama akiondoka haulizwi anakwenda wapi. Akienda kulala sawa, kusuka sawa, Kariakoo sawa. Mwanzoni ilikuwa mtu akipata zamu anakimbilia kufua, tukasema kama ni kufua baki ufulie hapa. Yule wa kwanza kabisa alienda kulala, akalala mpaka tukampigia simu saa saba imepita hajapokea, tukacheka mpaka machozi.

Kila mtoto ana karatasi yake kwenye faili: anakula nini na anakaaje akila, dawa ipi saa ngapi, degedege lake la kawaida linakuwaje na linachukua muda gani, akilia namna hii anataka nini. Hicho kipengele cha mwisho ndo kirefu kuliko vyote. Likija degedege wote tunajua, alale ubavu, vitu vigumu viondolewe, hakuna kumbana wala kumwekea kijiko mdomoni, angalia saa, likizidi dakika 5 au yakifuatana bila kuzinduka ni hospitali na nauli iko kwenye kibubu cha kikundi.

Hela tunaweka kidogokidogo kikoba, ndo inanunua pampasi kwa jumla na inalipa bajaji ya dharura. Hatujafika mbali lakini hakuna anayelala na njaa ya kuongea.

Jicho la Tai:
Samahani nitakuwa mbaya hapa. Hao watoto hawasemi. Mtu akimfinya, akimchezea vibaya, nani atajua? Mnaachiana watoto kwa sababu mmekaa benchi moja? Mimi wangu simwachii mtu. Kuna binti mtaani kwetu mwenye ulemavu wa akili alipata ujauzito na aliyehusika alikuwa mtu wa ndani, mnaoenda naye kanisani.

Zamu za Mbagala:
Jicho la Tai huna ubaya, swali lako tulilijadili kabla hata ya kupata chumba na kuna mama alijitoa kwa sababu hiyohiyo, tukamwelewa. Tunachofanya: hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, ndo maana ni wawili. Mlango na madirisha wazi. Kubadilisha nguo mmoja anafanya mwingine anaona. Kaka, mjomba, mgeni wa kutoa msaada wa sabuni anaishia barazani, na picha hapigi. Mama akirudi anamkagua mwanae palepale mbele yetu, anamvua nguo anaangalia, na hakuna kununa. Mwanzoni ilikuwa aibu, kama unamtuhumu mwenzio, sasa ni kama kuhesabu chenji. Na namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, tumeiandika ukutani kwa chaki kubwa.

Lakini nikuulize na wewe dada au kaka, ukiumwa ghafla ukalazwa, wako atabaki na nani? Maana siku hiyo hutachagua, atabaki na yeyote aliyekuwepo. Sisi tumeona bora tuwachague tukiwa wazima.

Jicho la Tai:
Sina jibu.

Dada Mtu:
Mimi siyo mzazi, mdogo wangu ndo ana Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili na ukuaji. Naomba niwaambie wazazi kitu kuhusu hawa watoto wengine wa ndani. Toka nina miaka nane naambiwa wewe ndo utakuja kumlea mdogo wako sisi tukifa. Mbele ya wageni, wanacheka, wananipapasa kichwa. Nilikuwa silali nawaza kufa kwao. Nilipofaulu kwenda bweni nilifurahi halafu nikajiona shetani. Nampenda mdogo wangu kufa, na leo ndo namlipia vitu vyake, lakini nimechagua mwenyewe nikiwa mtu mzima. Mtoto wa miaka nane mpe zamu ya kucheza na mwenzie, usimpe urithi. Na siku moja moja muwahi shuleni wewe peke yako, mnunulie hata barafu, mwulize mambo yake.

Ndizi Bukoba:
Nimeshindwa kuendelea na chakula hapa.

Mwalimu wa Kitengo:
Nafundisha darasa la elimu maalum shule ya serikali, niongeze la shule. Mtoto akipata hata masaa manne shuleni hayo ndo mapumziko makubwa kuliko yote ya mzazi, na wengi hawajaribu kwa sababu wameambiwa mdomoni tu kwamba mwanao hafundishiki. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu sawa na wenzake. Dar zipo zinazojulikana, Uhuru Mchanganyiko, Sinza Maalum, na shule kadhaa za kawaida zina vitengo ndani yake, kwa afisa elimu maalum wa halmashauri utapata orodha ya karibu na kwako. Ukweli usiofichika, wenye ulemavu wa viungo mkubwa wasioweza kujihudumia vitengo vingi vinasita, walimu wachache, hakuna mhudumu, choo hakina nafasi. Nendeni mkiwa wazazi watatu wanne kwa pamoja. Mzazi mmoja anarudishwa na mtu wa getini, wanne wanaitiwa mkuu wa shule.

Kipara Ngoto:
Na ile kadi ya watoto ya bima iliyokuwa 50,400 kwa mwaka, 2023 walipositisha kuandikisha mtoto mmojammoja wakasema mpitie shuleni, nilijiuliza hawa ambao shule yenyewe haijawapokea wanapitia wapi.

Mwalimu wa Kitengo:
Ndo hapo sasa.

Mwana Sheria Mtaani:
Mama Kidedea umepita haraka kwa baba. Matunzo ya mtoto ni haki ya mtoto, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, haijalishi mlifunga ndoa au hamkufunga na haijalishi ana familia nyingine. Anzia ustawi wa jamii halmashauri, wanamwita, wanajaribu kuwapatanisha kwa maandishi, akikaidi linaenda mahakamani. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, risiti za dawa na pampasi. Risiti ndo zinaongea, kwa hiyo kuanzia leo usitupe hata ya bajaji.

Mama Kidedea:
Risiti za bajaji? Bajaji Nyeusi mnatoaga risiti nyie?

Bajaji Nyeusi:
Hahaha nunua daftari mama, nakusainia kila safari.

Mama Kidedea:
Jamani nimesoma zote. Mtumishi naye kaniandikia inboksi mara mbili. La baba silitaki mwezi huu, nguvu za kugombana sina, ila daftari naanza. Nimemwambia mdogo wangu Jumapili mchana, saa saba mpaka saa kumi, nikataja saa kama Bint Likoni alivyosema, kakubali hajauliza hata mara mbili, inauma kidogo maana kumbe alikuwa anasubiri. Zamu za Mbagala mimi niko Kijichi, siyo mbali na nyie, mnapokea wapya?

Zamu za Mbagala:
Tunapokea mama. Jumamosi mbili za kwanza unakaa na sisi huondoki, unajifunza watoto wetu na sisi tunajifunza wako. Njoo na dawa zake kwenye kopo lake zenye jina, kijiko anachokizoea, nguo za kubadilisha, na hiyo karatasi ya anavyolia anza kuiandika leo maana utashangaa ilivyo ndefu. Nimekutumia namba inboksi.

Ndizi Bukoba:
Mwanza kuna mtu? Nina binamu yangu Buhongwa mtoto wake ana kichwa kikubwa cha maji, amefanyiwa ile operesheni ya kuwekewa mrija wa kuyatoa hospitali ya Bugando, ana miezi minane, mama yake hatoki ndani kabisa anaogopa watu.

Nesi wa Zamu:
Ndizi mwambie kliniki asiache hata moja, aongee na wenzake wa benchi pale, wapo wengi wenye hiyohiyo kuliko anavyodhani. Na wote wa nyumbani hapo wajue dalili za mrija kuziba au kupata maambukizi, siyo mama peke yake: kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, utosi kuvimba, macho kuelekea chini, homa, kulia kusikonyamaza. Mojawapo ikitokea ni kumuwahisha usikuusiku, hakuna kusubiri kupambazuke. Wewe mwenyewe uko mbali na hapo Buhongwa?

Ndizi Bukoba:
Niko Igoma. Naenda Jumapili.